Mkondo A Silabi, Mkondo B Sauti: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Mvutano wa Walimu wa Darasa la Kwanza

Shule ina mikondo miwili ya darasa la kwanza. Mkondo A watoto wanaimba "ba be bi bo bu" na sauti inafika mpaka barabarani. Mkondo B wanatamka sauti ya herufi moja moja, kisha wanaziunganisha taratibu. Januari ikifika, mwalimu wa darasa la pili anawapokea wote, na akisema "nitamkie sauti ya herufi hii" nusu ya darasa inamtazama tu. Hapo maneno yanaanza ofisini: huyu anafundisha kizamani, yule kaja na mambo ya semina.

Tangu mtaala wa 2015 ulipoweka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele kwa darasa la kwanza na la pili, mvutano huu umekuwa wa kawaida katika shule za msingi Tanzania. Wengi wanajaribu kuumaliza kwa kikao kimoja, au kwa amri ya mwalimu mkuu, na haishi wiki mbili kila mtu amerudi kwenye njia yake akiwa na kinyongo juu.

Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine. Kabla ya kubishana kuhusu njia, walimu wote wawili wamsikilize mtoto yuleyule akisoma kadi ileile. Kazi nzima inachukua wiki sita hadi saba, na gharama yake ni karatasi chache.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kadi ya upimaji, nakala 2 (maandishi yake yako hapa chini). Andika kwa mkono, herufi kubwa za kusomeka, kwenye karatasi ngumu au boksi.
- Karatasi za alama, 14 za kuanzia (2 za ziada ni za watoto wawili wa kwanza, watakaopimwa na walimu wote wawili) na 12 za kurudia. Kila karatasi ina maandishi yale yale ya kadi ya siku hiyo, ili uweke alama ya mkato juu ya kosa.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Vitabu vya mahudhurio vya mikondo yote miwili.
- Daftari moja jipya, kurasa 40 zinatosha. Litabaki kwa msimamizi.
- Mwalimu wa tatu wa kusimamia. Hatua ya 2 inaeleza awe nani.
- Muhtasari wa somo na kiongozi cha mwalimu, viwepo mezani. Visitumike kama rungu.

Maandishi ya kadi

Herufi: a m k i s t u b l e n o d p g h w f j z

Silabi: mo ke ta bu si lo pe ni da gu sha nye mbu cha ngo kwa nji thi mwe ndo

Maneno halisi: kiti, soma, mbuzi, nyumba, choo, ndoo, samaki, mgeni, shule, dawa

Maneno ya kubuni: lomi, seku, tupeko, gabu, keshu, nyolu, mbetu, chosi, rufeti, sabige

Aya (maneno 30): *Neema ana kuku mweusi. Kuku ametaga mayai matano. Leo asubuhi paka ameingia bandani. Neema amepiga kelele. Paka amekimbia. Mama amefunga mlango wa banda. Kuku amerudi kulalia mayai. Neema amefurahi sana.*

Maswali: Kuku ametaga mayai mangapi? Kwa nini Neema alipiga kelele? Unafikiri paka alitaka nini bandani?

Maneno ya kubuni yasomee kwanza watu wanaojua lugha ya hapo kijijini. Neno lisilo na maana kwa Kiswahili linaweza kuwa na maana kwa Kisukuma au Kihehe, pengine maana ya aibu, na darasa zima likaangua kicheko. Likitokea neno la hivyo, libadilishe.

## Hatua ya 1: Andikeni mvutano kwa vitu vinavyoonekana

Kila mwalimu, peke yake, aandike nusu ukurasa kuhusu kinachomsumbua. Sharti ni moja: aandike alichokiona au alichokisikia kwa mtoto, asimwandike mwalimu mwenzake.

"Madam hafundishi sauti" haikubaliki. "Nikionyesha *me* katikati ya mstari, watoto wanarudi kuanza *ma* ndipo wafike *me*" inakubaliwa. Kwa upande wa pili, "Mwalimu anapoteza muda" haikubaliki, bali "Watoto wanatamka *m*, *e*, *z*, *a*, halafu wanashindwa kusema *meza*" ni sawa.

Sababu ya sharti hili ni kwamba sentensi ya kwanza haina jibu isipokuwa kujitetea. Ya pili inaweza kwenda kuhakikiwa darasani kesho asubuhi.

Hapa pana jambo ambalo walimu hawalisemi kwenye kikao, na ndilo linalobeba uzito wote. Mara nyingi mmoja alichaguliwa kwenda semina ya KKK, akarudi na cheti na posho. Mwenzake, ambaye pengine ana miaka 25 kazini na ndiye aliyewafundisha kusoma wazazi wa watoto hawa, hakuitwa. Sasa anaambiwa na mtu wa umri wa mwanawe kwamba njia yake imepitwa na wakati. Hata hoja ikiwa sahihi kiasi gani, haiwezi kupita kwenye mlango huo. Msimamizi aongee na huyu mkubwa kwanza, peke yake, amsikilize mpaka amalize, na aseme wazi kwamba kutoitwa semina halikuwa kosa lake. Ukiruka mazungumzo haya ya dakika 20, hatua zote zinazofuata zitakuwa ngumu mara mbili.

Umefaulu iwapo: una kurasa mbili fupi, kila moja ina mambo mawili au matatu ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kuyaona kwa macho yake.

## Hatua ya 2: Tafuteni msimamizi asiye hakimu

Msimamizi mzuri ni mwalimu wa taaluma, au mwalimu wa darasa la tatu anayeheshimiwa na wote. Mwalimu wa darasa la pili hafai, kwa kuwa naye ni mlalamikaji.

Mwalimu mkuu ajulishwe na atoe ruhusa, lakini asikalie kiti hiki. Akikalia, walimu wanamwongelea yeye badala ya kuongea wao kwa wao, na kila mmoja anatafuta hukumu. Vilevile msikimbilie kwa Afisa Elimu Kata wala kwa wathibiti ubora. Jambo likishaingia kwenye taarifa ya maandishi linakuwa kesi, na mtu mwenye kesi hajifunzi chochote, anajilinda.

Kama shule ina vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vinavyofanyika kweli, kazi hii iingizwe huko. Inaeleweka kama mafunzo ya kazini na haina harufu ya usuluhishi.

## Hatua ya 3: Pimeni watoto 12

Kuwachagua. Chukua kitabu cha mahudhurio. Mkondo una watoto 60? Chukua kila jina la 10, upate 6. Una 90? Kila jina la 15. Fanya hivyo kwa mikondo yote miwili. Mwalimu wa darasa asichague mwenyewe. Akichagua, atapeleka wale wanaomtoa aibu, na hata asipofanya hivyo mwenzake ataamini amefanya. Mtoto aliyechaguliwa akiwa mtoro siku hiyo, chukua jina linalofuata.

Kupima. Mtoto mmoja mmoja, nje ya darasa, mahali penye kivuli na utulivu. Mwalimu wa A anawapima watoto wa B, na wa B anawapima wa A. Watoto wawili wa kwanza wapimwe na walimu wote wamekaa pamoja, kila mmoja na karatasi yake ya alama, kisha mlinganishe. Mkitofautiana zaidi ya alama 2 kwenye sehemu yoyote, kubalianeni kanuni kabla ya kuendelea.

Kanuni zenyewe:

1. Kila sehemu ni dakika 1. Maneno halisi na ya kubuni ni sehemu mbili, kila moja na dakika yake.
2. Mtoto akikwama sekunde 3, sema "endelea" na uonyeshe kinachofuata. Usimsaidie kutamka.
3. Akijisahihisha mwenyewe, ni sahihi.
4. Akikosa vyote 10 vya mwanzo, simamisha sehemu hiyo kwa upole, nenda inayofuata.
5. Kwenye aya, weka alama pale alipofika dakika ikiisha, kisha mwache amalize ndipo umuulize maswali.
6. Mtoto anayesema *r* badala ya *l* hata akiongea kawaida, usimhesabie kosa. Hayo ni matamshi ya nyumbani, yana kipindi chake.
7. Kwenye herufi, andika S kama ametoa sauti, J kama ametaja jina la herufi, na K kama ametaja silabi, kwa mfano "ka" kwa *k*.

Mtoto mmoja anachukua kama dakika 7. Watoto 12 ni saa moja na nusu hivi. Gawanyeni siku mbili, asubuhi kabla watoto hawajachoka na kabla njaa haijaingia.

Tahadhari. Msimwambie mtoto "huu ni mtihani", na msiseme neno lolote kuhusu mkondo wake. Mtoto wa miaka sita akisikia "kwa mwalimu wenu hamkufundishwa hii", atalifikisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na kesho mzazi yuko getini anaomba mwanawe ahamishwe mkondo.

### Kwa nini kadi ina sehemu zote hizi

Sehemu ya herufi inampendelea aliyefundishwa kwa sauti. Sehemu ya silabi inampendelea aliyefundishwa kwa silabi, angalau kwa silabi zile 10 za mwanzo. Zote mbili ni za kuelewa mtoto yuko wapi, na hakuna wa kutangaza ushindi kwa kutumia mojawapo.

Maneno ya kubuni hayampendelei mtu. Hakuna mtoto aliyewahi kuona *tupeko*, kwa hiyo hawezi kulitaja kwa kukariri wala kwa kubahatisha kutoka kwenye picha. Akilisoma, anasoma. Ndiyo sehemu ambayo walimu wote wawili wanapaswa kuisubiri kwa hamu.

Umefaulu iwapo: una karatasi 12 zilizojazwa kwa kanuni moja, na walimu wote wawili wanasema upimaji ulikuwa wa haki kabla hawajajua jumla.

## Hatua ya 4: Tembeleaneni darasani

Kila mmoja aingie kwa mwenzake kipindi kimoja cha dakika 30. Anayetaka mabadiliko ndiye afungue mlango wake kwanza. Mara nyingi huyo ni mwalimu kijana, na ni yeye anayepaswa kwenda kwa mkubwa wake: "Shikamoo mwalimu. Naomba kesho uje unitazame nikifundisha, kuna mahali watoto wananikwama kwenye kuunganisha." Aseme hivyo kama kweli wanakwama, na kwa njia ya sauti karibu kila darasa wanakwama hapo. Mtu aliyeombwa msaada anaingia darasani na jicho tofauti kabisa na mtu aliyetumwa kukagua.

Mgeni akae nyuma. Asisahihishe mtoto, asiinuke, asiandike maneno kama "nzuri" au "dhaifu". Ahesabu vitu vinne tu:

- Watoto wangapi wamesoma kwa sauti peke yao ndani ya dakika 30.
- Mara ngapi darasa limejibu kwa pamoja.
- Wakati wa kujibu pamoja, watoto wangapi kwenye dawati lake la karibu wanatazama ubao, na wangapi wanatazama kwingine.
- Sekunde ngapi mwalimu anasubiri baada ya kuuliza kabla hajajibu mwenyewe au kuhamia mtoto mwingine.

Kipengele cha tatu kinawafumbua macho wengi. Mtoto anaimba "ba be bi bo bu" kwa nguvu zote, huku anatazama mjusi ukutani. Anaimba wimbo, na herufi hazimo kabisa kwenye shughuli hiyo. Upande wa sauti nako kuna lake: mwalimu anamshikilia mtoto mmoja dakika tatu aunganishe *m-e-z-a*, na wengine 59 wanasubiri, wanasukumana, wanalala.

Zungumzeni siku hiyohiyo, dakika 15, mkianza na namba. Kesho yake kumbukumbu zimeshageuka maoni.

## Hatua ya 5: Kikao cha dakika 45

Watu watatu tu: walimu wawili na msimamizi. Wakae upande mmoja wa meza, karatasi ziko mbele yao. Ukiwaweka wakitazamana, watatazamana.

Dakika 10 za mwanzo hakuna kuongea. Kila mtu asome karatasi zote 12. Kisha msimamizi aulize swali moja: "Mtoto gani amekushangaza?" Kila mwalimu ajibu kwanza kuhusu watoto aliowapima yeye, yaani wa mkondo mwingine.

Baada ya hapo tafuteni mojawapo ya sura hizi nne.

Sura ya kwanza: silabi rahisi juu, maneno ya kubuni chini. Mtoto anapata 9 kati ya silabi 10 za mwanzo, lakini maneno ya kubuni 1 au 2. Anakumbuka maumbo, hajui yanavyojengwa. Akifika *nye* au *mbu* anasimama kwa kuwa wimbo haukufika huko. Hapa kinachokosekana ni sauti.

Sura ya pili: herufi zote S, lakini silabi na maneno polepole sana. Mtoto anajua kila sauti, ila akifika mwisho wa neno amesahau mwanzo. Huyu anahitaji silabi, tena nyingi, kila siku, mpaka *ta* iwe kitu kimoja kichwani mwake.

Sura ya tatu: anasoma maneno vizuri, maswali ya aya anapata sifuri. Njia yoyote ya wale wawili haihusiki. Pengine Kiswahili chenyewe bado ni kigeni kwake. Anahitaji hadithi, picha na mazungumzo.

Sura ya nne: mikondo yote miwili iko sawa, na yote iko chini. Hili ni gumu kulipokea, lakini liko sana. Maana yake mmekuwa mkigombania njia wakati tatizo ni utoro, vitabu, au watoto 120 chumba kimoja. Acheni mjadala wa njia, kaeni na kitabu cha mahudhurio muone watoto waliofeli wamekosa siku ngapi.

Tahadhari ya namba. Watoto 6 kwa mkondo ni wachache. Tofauti ya neno moja au mawili haina maana yoyote. Na kabla ya kulinganisha, hesabuni kila mkondo una wangapi waliopitia darasa la awali. Mkondo uliopewa watoto wa awali wote utaonekana bora hata kama mwalimu wake alikuwa likizo.

Umefaulu iwapo: mnaondoka mkimzungumzia mtoto kwa jina lake na anachokosa. Kama bado sentensi zinaanza na "wewe", ahirisheni siku mbili, msiendelee.

## Hatua ya 6: Kubalianeni kiini, mengine yaacheni huru

Kosa kubwa la waamuzi ni kulazimisha walimu wafanane kila kitu. Haiwezekani, wala haina faida. Mambo ya lazima yawe matatu:

1. Mpangilio wa herufi uwe mmoja kwa mikondo yote.
2. Namna ya kutamka kila konsonanti iwe moja.
3. Kadi ya upimaji iwe moja, na siku moja.

Nyimbo, makundi, picha, kukaa chini au kwenye dawati, kila mtu na utaratibu wake.

### Pale ambapo kila njia ina haki yake

Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zake karibu zote zinaishia na irabu. Kwa hiyo mtoto anahitaji sauti ili aelewe neno linavyojengwa, na anahitaji silabi ili asome kwa kasi. Mpangilio ni sauti, silabi, neno, sentensi. Ugomvi mwingi unakwisha walimu wakishuka mpaka kwenye herufi zenyewe:

*m, n, l, s, f, z, v*: hizi zinavutika. "Mmmm", "ssss". Anzeni nazo kwa njia ya sauti, mtoto anasikia kabisa jinsi "mmmaaa" inavyogeuka "ma".

*b, d, g, k, p, t*: hizi hazivutiki. Ukijaribu kuzitamka peke yake unaongeza irabu bila kujua, unasema "ka" au "ku", na mtoto anasoma *ki* kama "kai". Hapa mwalimu wa silabi ana haki. Onyesha *k* kwa ufupi sana, kisha nenda moja kwa moja *ka, ke, ki, ko, ku* kama vitu vizima.

*m* ya *mtu, mke, mgeni*: inasimama bila irabu. Watoto wa silabi watupu husoma "mutu", kwa kuwa hawajawahi kuona *m* peke yake. Hapa mwalimu wa sauti ana haki.

*mb, nd, nj, ng, ny, ch, sh, th, dh, gh*: zifundishwe kila moja kama sauti moja, baada ya herufi moja moja kukamilika. Mwalimu wa sauti anayevunja *ngoma* kuwa *n-g-o-m-a* anampoteza mtoto. Na *ng* ya *ngoma* isichanganywe na *ng'* ya *ng'ombe*. Zitenganisheni kwa wiki nzima.

### Kipindi cha mfano cha dakika 30: herufi m

Irabu tano zimeshafundishwa.

Dakika 0–3. Masikio tu, ubao mtupu. Taja *maji, meza, kiti, moto, samli*. Watoto wapige kofi moja wakisikia neno linaloanza na "mmm".

Dakika 3–7. Andika *m*. Midomo imefungwa, "mmmm". Usiseme "ma", "mu" wala "em". Watoto washike midomo yao waisikie ikitetemeka.

Dakika 7–14. Andika *m* kushoto, *a* kulia, mshale katikati. Kidole kinatembea juu ya mshale, sauti haikatiki: "mmmmaaa". Kisha sogeza herufi zikaribiane: "ma". Fanya hivyo kwa *me, mi, mo, mu*. Wimbo wa "ma me mi mo mu" unaruhusiwa hapa, kwa sharti kwamba fimbo ya kuonyeshea iko chini ya silabi inayoimbwa. Mara mbili tu. Halafu vunja mpangilio: *mo, mi, ma, mu, me*. Watakaokwama ndio waliokuwa wanaimba.

Dakika 14–20. Maneno ya herufi zilizofundishwa pekee: *mama, mimi, uma, umia, amua*. Kila neno lina maana, liseme kwa sentensi.

Dakika 20–27. Imla kwenye daftari: silabi 3, maneno 2. Pita katikati ya madawati ukiwa na kalamu.

Dakika 27–30. Watoto 5 wasome ubaoni peke yao. Waanze wa madawati ya nyuma.

Kila mwalimu afundishe kipindi hiki mara moja mwenzake akiwa ndani, kabla ya kuanza majaribio. Ndipo mtagundua mmoja bado anasema "mu", na kulirekebisha hapo ni jambo la nusu dakika.

## Hatua ya 7: Wiki nne za majaribio

Andika kwenye daftari la msimamizi: tarehe ya kuanza, herufi za kila wiki (2 au 3, si zaidi), tarehe ya kupima tena. Kila Ijumaa dakika 10, swali moja: "Wiki hii wapi pamekwama?" Jibu liandikwe kwa mstari mmoja.

Mambo yanayoharibu hatua hii yanajulikana. Wiki ya pili mwalimu wa silabi anarudi kwenye wimbo mrefu, kwa kuwa darasa limechangamka nao na yeye amechoka. Msimlaumu, mpunguzieni: msimamizi achukue dakika 10 za usomaji wa mmoja mmoja siku mbili kwa wiki. Wiki ya tatu mwalimu wa sauti anaanza kukimbia, anafundisha herufi 5, ili amalize azimio la kazi (mpango wake wa kufundisha). Huyu arudishwe kwenye daftari.

Baada ya wiki nne pimeni watoto walewale 12, kwa kadi mpya ya muundo uleule. Badilisheni mpangilio wa herufi na silabi, andikeni maneno halisi na aya nyingine ya maneno 30, na maneno ya kubuni yaanze na *pelu, kisabo, damite, shogi, nyofe*. Mkirudia kadi ya kwanza mtapima kumbukumbu.

Umefaulu iwapo: maneno ya kubuni yamepanda kwa mikondo yote miwili, na hakuna mkondo uliobaki nyuma. Kwa wiki nne tegemeeni maneno 2 au 3 zaidi kwa mtoto wa kati. Mtoto aliyekuwa na sifuri na sasa ana 2 asiachwe nje ya hesabu kwa kuwa bado "yuko chini". Huyo ametoka kwenye kutokujua na kuingia kwenye kusoma.

## Kama bado hamjaelewana

Jaribuni kubadilishana mikondo kwa wiki moja, kila mmoja afundishe darasa la mwenzake kwa kipindi kile cha mfano. Wengi wanarudi wamelainika, kwa kuwa wamekutana na watoto wale waliokuwa wanawasikia tu kwenye lawama.

Mwalimu akikataa kupimwa, kutembelewa na kubadilishana, vyote vitatu, basi hapo msimamizi ampelekee mwalimu mkuu daftari, na mwalimu huyo awepo likifunguliwa. Msipeleke kwa mdomo. Karatasi za watoto ziambatane.

## Kumkabidhi mwalimu wa darasa la pili

Mwezi Novemba, pimeni watoto wote kwa sehemu mbili tu, silabi na maneno ya kubuni. Ni dakika 2 na nusu kwa mtoto, na walimu wawili wanamaliza watoto 120 ndani ya siku tano wakifanya nusu saa kwa siku. Wapangeni kwenye orodha moja bila kutaja mkondo: wanaosoma maneno ya kubuni 7 na zaidi, wa 3 hadi 6, na wa 0 hadi 2. Mbele ya kila jina la kundi la mwisho andikeni silabi anazokwama, kwa mfano "nye, mbu, kwa". Mwalimu wa darasa la pili aipokee kabla ya likizo ya Desemba, pamoja na mpangilio wa herufi mliotumia na maelezo ya namna mlivyotamka *k* na *b*, ili Januari aanzie pale mlipoishia.